Wimbo wa Alasiri kwenye Shinikizo la Mkonge

Sifa njema zote anazistahiki Mwenyezi Mungu, aliyeupa usiku zamu yake na mchana zamu yake, wala kimoja hakimharakishi mwenzake. Namshukuru kwa pumzi ninayoivuta nikiandika haya, na kwa macho ambayo bado yananionyesha mstari wa wino ingawa tundu la sindano yamekwisha kuliacha. Rehema na amani zimfikie Mtume wake, na jamaa zake, na sahaba zake. Baada ya hayo, nataka kuieleza kazi niliyoifanya nilipokuwa na nguvu, na mwezi mmoja wa Ramadhani ambao nusura shemeji yangu aiache mikono yake ndani ya kazi hiyo.

Mimi nilizaliwa Malindi, nikasoma chuoni mpaka nikauhitimu msahafu, na marehemu baba alitaka niwe mwalimu. Lakini wanafunzi walikuwa wachache na walimu tulikuwa wengi. Ilikuwa kabla ya ile vita kubwa ya Mngereza na Mjerumani. Wazungu walikuwa wameanza kupanda mkonge upande wa Tezo, nje ya Kilifi, na watu wakasema huko karani hakosi kazi. Nikafunga furushi langu la nguo nikaenda. Nilipofika nikaambiwa karani amekwisha kupatikana. Nikapewa chupa ya mafuta na tambara, nikaambiwa nikae karibu na injini. Alhamdulillahi. Nilikaa hapo miaka mingi kuliko niliyokaa chuoni.

Nieleze mashine yenyewe, kwa kuwa aliyeuona mkonge shambani tu hajui mwisho wake. Majani yakikatwa huparwa mpaka zibaki nyuzi, nyuzi zikaoshwa, zikaanikwa, zikapigwa brashi. Kisha zinaletwa bandani kushindiliwa ziwe robota, kwani meli haibebi kitu kilichofura kama nywele za mtu aliyeamka. Shinikizo letu lilikuwa sanduku refu la mbao nene lililofungwa vyuma, na juu yake kichwa cha chuma kizito kilichoshuka na kupanda. Kilikwenda kwa nguvu ya injini ya mvuke iliyokuwa nje ya banda. Kutoka kwenye injini ulikuja mhimili mrefu, na kutoka kwenye mhimili mkanda mpana wa ngozi.

Mkanda huo ulikuwa na magurudumu mawili ya kuchagua, yamekaa bega kwa bega. Moja liliendesha kichwa. La pili lilizunguka bure, halikufanya lolote, nasi tuliliita Mvivu. Mkanda ukiwa juu ya Mvivu, kichwa kimepumzika juu, na watu wanajaza nyuzi sandukuni kwa mikono. Mkanda ukisukumwa ukahamia gurudumu la pili, kichwa kinashuka, kinashindilia, kinapanda, halafu mkanda unarudishwa kwa Mvivu. Haukusukumwa na mtu. Palikuwa na gurudumu jingine, kubwa na la polepole, lililotobolewa matundu kwenye ukingo wake wote. Ndani ya matundu tulitia pini za chuma, mbili mbili. Pini ya kwanza ikifika inaugonga mkono wa mti, mkono unauhamisha mkanda, kichwa kinashuka. Pini ya pili inaurudisha. Pini zikikaribiana, watu hawapati muda wa kujaza. Zikiachana sana, kazi inalala. Gurudumu hilo tuliliita Saa, na kulitunza ndiyo iliyokuwa amana yangu: kuzikaza pini, kubadilisha zilizolika, kuupaka mkanda unga wa sandarusi ili usiteleze, na kila asubuhi kuhakikisha kwamba kichwa kinasimama pale pale kinapotakiwa kusimama.

Aliyenifundisha alikuwa fundi wa Kihindi, mtu wa makamo, mkimya, asiyekula nyama. Siku tuliyolisimamisha shinikizo alikuwa na saa ya mfukoni, akazipanga pini kwa kuitazama. Tukajaribu. Watu wanne waliokuwa wakijaza wakashindwa kabisa. Mara wamemaliza wanangoja, mara kichwa kinashuka nyuzi zingali mikononi. Fundi akasimama kando akawatazama kitambo.

"Hawa wanafanya kazi kwa wimbo," akaniambia. "Saa yangu haiujui wimbo wao."

"Tufanyeje, fundi?"

"Waimbe. Pini tutaziweka kwa wimbo."

Na hivyo ndivyo tulivyofanya. Mwenye wimbo alikuwa shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Alikuwa kijana mrefu, mwenye sauti kubwa, na mwenye kujua kwamba ana sauti. Yeye alianza, wenzake wakaitikia:

"Mkonge wa bwana una miba!"

"Tia!"

"Kiunoni kamba, tumboni njaa!"

"Tia!"

"Meli yangoja, bahari yangoja!"

"Tia!"

"Mikono hii ni ya mama!"

"Toa!"

Neno la "Toa" likisemwa, mikono yote hutoka sandukuni, na hapo ndipo pini ilipougonga mkono wa mti, ka! Kichwa kikashuka. Tulipanga jozi tano za pini kuizunguka Saa, zikaingiana na wimbo kama kifungo na tundu lake. Baada ya miezi watu hawakuitazama tena mashine. Waliufuata wimbo, nami nikiwa mgongoni kwa mhimili na chupa yangu ya mafuta nilijua kila kitu kiko sawa kwa kusikia tu: Toa, halafu ka.

Jirani yake shemeji hapo sandukuni alikuwa Mgiriama mmoja, mtu mzima, mkavu, mwenye nguvu za punda na ulimi mkali. Waliitana watani, na utani wao haukuwa na likizo. Mgiriama alimwambia watu wa mjini mikono yao imezoea kushika vikombe vya kahawa. Shemeji alimjibu kwamba watu wa bara hunywa tembo la mnazi asubuhi wakaliita uji. Siku ikapita.

Mwaka huo Ramadhani iliangukia siku za upepo wa kusi. Manyunyu yalikuja na kuondoka, nyuzi zilichelewa kukauka, na mkanda wa ngozi ulilegea kwa unyevu, kila siku sharti uvutwe. Nilifunga nikiwa chini ya mhimili, uso umejaa vumbi la nyuzi. Watu waliniuliza kama vumbi hilo linafunguza. Nikawaambia kile nilichofundishwa, kwamba linaloingia pasipo kukusudiwa Mwenyezi Mungu hamuulizi mja wake. Lakini liliukausha mdomo, wallahi, na ikifika alasiri ulimi ulikuwa kama kipande cha gunia.

Na palikuwa na jambo ambalo sote wafungaji tulilijua, wala hatukulisema. Mwaka uliotangulia meneja, Mzungu wa pale, aliwaona waliofunga wamepunguza mwendo kwenye brashi. Hakugomba. Akawaondoa tu kivulini, akawapeleka shambani kukata majani juani. Mmoja alianguka kati ya mistari akaletwa kwa machela. Basi mwaka huu kila mfungaji alijitia kuwa hana njaa. Ukimwuliza shemeji yangu hali, alijibu kabla hujamaliza, "Sijambo, mimi nimeshiba daku mpaka Idi."

Alasiri moja, siku kumi za kati zimeshaingia, nilikuwa natia mafuta. Wimbo unakwenda. Siwezi kusema nilisikia kwamba umepungua mwendo, kwa kuwa masikio yangu nayo yalikuwa yamefunga. Aliyeimba alichoka, walioitikia walichoka, aliyesikiliza alichoka, na sote tulipungua pamoja, kama watu waliomo ndani ya chombo kimoja wasiojua kwamba chombo kinavutwa na mkondo. Mashine peke yake ilikula na kunywa kama kawaida.

Shemeji akaita, "Mikono hii..."

Ka!

Nikainua kichwa. Nilikuwa sijaisikia Toa. Kamba ya kuusimamisha mkanda ilikuwa upande wa pili, na hata ningeirukia, kichwa kikishaanza kushuka hakirudi. Nilimwona shemeji ameinama na mikono yake miwili imo ndani ya sanduku mpaka kwenye viwiko. Nikamwona Mgiriama amemkumba kiunoni, amemng'oa kama mtu ang'oaye muhogo, na wote wawili wakaanguka chali juu ya rundo la nyuzi. Kichwa kikashuka mpaka mwisho. Kikapanda. Hapo ndipo nikaifikia kamba nikaivuta.

Ulisikika mvuke tu.

Shemeji akaitazama mikono yake, mbele na nyuma. Kisha akajipapasa utosini. "Kofia yangu," akasema.

"Kofia!" Mgiriama alikuwa angali amelala chini, anahema. "Mtani, mimi nimekuokolea mikono, wewe waulizia kofia?"

"Mikono nilizaliwa nayo. Kofia nimeshonewa."

"Basi ifuate. Mlango ule pale."

Wakacheka, wale wawili wengine nao wakacheka. Kofia ilikuwa imekwisha kulaliwa na mkonge ndani ya sanduku, na kulifungua robota katikati ilikuwa haiwezekani bila kumwita meneja na kumweleza. Hakuna aliyetaka kumweleza. Shemeji akajifunga kitambaa kichwani, wakaendelea. Robota lile lilifungwa kamba, likapigwa chapa, likabebwa na ng'ombe hadi pwani.

Tuliishi nyumba moja ya makuti nje kidogo ya shamba, mimi na mke wangu chumba hiki na shemeji chumba kile. Kofia hiyo mke wangu ndiye aliyeishona, kwa mkono, tundu moja moja, tangu mfungo mosi, mwezi wa Idi, mpaka Maulidi. Jioni ile tulipofuturu kwa tende na mihogo ya nazi, alimtazama nduguye mara moja tu.

"Kofia iko wapi?"

"Imesafiri."

"Imesafiri wapi?"

"Ulaya, dada. Imetangulia, mimi nitafuata."

Hakucheka. Alikifunika chungu cha mihogo, akanigeukia mimi. "Hebu nieleze wewe."

Nikamweleza, kwa kuwa sikuwahi kumficha jambo. Alisikiliza mpaka mwisho huku ameishika leso yake ya kisutu chini ya kidevu. Baba yao na mama yao walikuwa wamefariki, na katika watoto wote waliozaliwa walibaki wao wawili.

"Ndugu yangu ni mmoja," akaniambia. "Ana mikono miwili. Umemchukua kazini hivyo, mrudishe hivyo."

"Dada, ilikuwa bahati mbaya ya siku moja," shemeji akasema.

"Kesho hutafunga?"

"Nitafunga."

"Hutachoka?"

Shemeji akainuka. Akanawa mikono, akatoka kwenda kuswali.

Nililala nikiyafikiri maneno hayo, au tuseme sikulala. Ningeweza kumwomba shemeji ahame sandukuni, lakini kuhama kulikuwa na maana moja tu, shambani juani, na yule wa machela hakuna aliyemsahau. Ningeweza kumwambia ampishe mwingine aongoze wimbo. Nilimgusia njiani asubuhi, akaongeza hatua, na mlangoni mwa banda akasema, "Shemeji, bora unambie nivue na nguo." Basi nikaliacha.

Nikamwendea fundi. Nilimkuta kibandani kwake anakunywa chai. Aliponiona akaisogeza bilauri nyuma ya kisanduku cha misumari, nisiione. Alifanya hivyo kila Ramadhani, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye kumlipa. Nikamweleza yaliyotokea.

"Mashine imewahi, au wimbo umechelewa?" akauliza.

"Mashine iko pale pale. Nimeipima."

"Basi ni wimbo."

"Wimbo unafunga, fundi."

 Fundi akajipiga kofi dogo kwenye paji la uso. "Tuliupima mwezi wa kula," akasema. "Sisi wote pale, na hakuna aliyekumbuka. Na mimi ninafunga siku zangu, naijua alasiri ya mtu asiyekula." Akainuka. "Tutaupima tena. Lakini si sasa. Sasa ni asubuhi, ataniimbia wimbo wa uongo. Alasiri."

Alasiri ikafika. Fundi akalisimamisha shinikizo, akaniamuru nitie gogo chini ya kichwa kisishuke, na nizitoe pini zote ili mkono wa mti usiguswe. Injini ikawa inaendelea, na Saa inazunguka mwendo wake ule ule, tupu. Akanipa kipande cha chokaa. Kazi yangu ilikuwa kuweka alama ukingoni wimbo unapoanza, na alama nyingine neno la Toa likisemwa.

"Imba," fundi akamwambia shemeji.

Shemeji akakohoa, akaisafisha sauti, akaimba. Kumbe! Aliimba kama bwana harusi anayeingizwa ndani. Wenzake walihangaika kumfuata. Nilipoweka alama ya pili, ilikuwa imekaa ndani ya nafasi ya siku zote, tena na baki.

Akanitazama kwa ushindi. "Unaona? Wimbo hauna ugonjwa."

Mgiriama akatema mate pembeni. "Mtani, huo si wimbo wa alasiri. Huo wa kutafutia mke. Imba ule wa jana, kofia ilipopanda meli."

"Ndio huu huu."

"Si huu. Jana nilikuwa nikikusikia ukivuta pumzi kati ya maneno. Mimi nilikula ugali wangu, masikio yangu yanafanya kazi. Ulivuta pumzi hapa, na hapa." Akajigusa kifuani mara mbili. Hakukuwa na mzaha katika sauti yake. "Mimi jana nilikuwahi. Kesho pengine nimegeuka kuokota fungu. Nani atakuwahi?"

 Shemeji akamtazama, akanitazama na mimi. Najua alikuwa anangoja niseme neno la kumtetea, kwa kuwa ni shemeji yangu na ni Muislamu mwenzangu. Nikamwambia tu, "Hapa hatupimi nguvu zako. Nguvu zako tunazijua. Tupe uchovu wako, ndio tunaoutaka."

Alikaa kwenye ukingo wa sanduku kwa muda. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Kisha akasimama, akaegemeza mikono pale pale alipozoea kuegemea akijaza, akafumba macho, na alama ya mwanzo ilipozunguka ikafika tena nikamgusa, akaanza.

Sijasikia tangu hapo mtu akiimba vile. Hakuupamba. Maneno yalitoka kama mtu anayepanda ngazi na mzigo, anasimama, anapanda tena. Tumboni njaa, akasema, na safari hii hakuna aliyetabasamu. Wenzake wakaitikia kwa sauti zao za kweli, nazo zilikuwa chini. Alipofika kwenye mikono ya mama akavuta pumzi katikati, pale pale Mgiriama aliposema. Toa. Nikaweka alama.

Fundi akaisimamisha Saa. Alama mbili za Toa zilikuwa zimeandikwa pamoja ukingoni, ya kiburi na ya kweli. Kati ya alama ya kweli na tundu la pini ya siku zote palikuwa na kiasi cha kiganja, wimbo umelipita tundu.

Shemeji akasogea. Akaweka kiganja chake kati ya chokaa na tundu. Kiliingia sawasawa.

"Hii ndiyo tofauti?"

"Ndiyo hiyo," nikamjibu.

Akakiacha kiganja chake hapo kidogo. "Basi weka pini huku," akasema, "na uongeze tena kidogo." Akaondoka akaenda kukaa kwenye nyuzi, na Mgiriama akaenda kukaa karibu naye, wakapeana migongo kama watu wasiojuana.

Tukapanga jozi nne badala ya tano, zimeachana kwa wimbo wa alasiri na zaidi kidogo. Lakini hapo marobota yangepungua, na meneja angeuliza sababu. Ikatubidi tuifidie asubuhi. Fundi akasema wafungaji huamka kula daku, basi tuanze kazi baada tu ya swala ya alfajiri, wakati tumbo lingali na kitu na jua halijatoka. Asubuhi jozi tano, baada ya adhuhuri jozi nne.

Mgiriama akaruka. "Daku lenu ninyi, usingizi wangu mimi?"

"Njoo ule daku nasi," shemeji akamwambia.

"Nile, halafu?"

"Halafu uje kazini."

Na alikuja. Kila siku kabla ya alfajiri tulimsikia mlangoni akipiga hodi, na mke wangu akampakulia. Alikula daku letu mpaka mwezi ukaandama, na hakufunga hata siku moja. Shemeji akawa anamwambia kwamba yeye ndiye mtu wa kwanza duniani kunenepa kwa Ramadhani ya wenzake.

Meneja alikuja siku ya tatu au ya nne, ameisikia injini ikilia mapema. Akasimama mlangoni mwa banda na fimbo yake. Akauliza kwa nini mchana mashine imesimamishwa na mimi nimo ndani yake na spana. Fundi hakuacha kufuta mikono. "Bwana," akasema, "usiihesabu mchana. Ihesabu jioni." Jioni meneja akarudi, akayatazama marobota yaliyopangwa, akaguna, akaenda zake. Hakuuliza tena, wala wafungaji hawakupelekwa shambani mwaka ule.

Kwa upande wangu ulikuwa mwezi mrefu. Niliamka kabla ya wote kumsaidia mwenye boila, kwa kuwa maji hayachemki kwa amri. Ikifika adhuhuri wenzangu wakiswali na kujinyosha mkekani, mimi niliswali upesi nikarudi chini ya Saa, nikazilegeza pini moja moja, nikazihamisha, nikazikaza, nikauzungusha mhimili kwa mkono kuhakikisha kila pini inafika mahali pake. Pini iliyokazwa nusu ni mbaya kuliko isiyokuwepo. Jioni nikazirudisha za asubuhi. Vidole vyangu vilivimba, mgongo ukawa hauninyookei kwenye rakaa. Kuna alasiri nilizolala usingizi nimesimama, nikaamshwa na neno la Toa. Lakini lilikuwa linatangulia. Kila mara lilitangulia, kisha ka. Nikamshukuru Mola wangu nikaendelea.

Siku ya Idi shemeji alivaa kofia yangu, kwa kuwa dada yake alikuwa ndiyo kwanza ameshona duara la juu la ile mpya. Mgiriama alikuja na zawadi ameificha nyuma ya mgongo. Ilikuwa kofia ya ukindu, pana kama ungo.

"Hii," akasema, "haipiti kwenye sanduku. Ulaya hawaipati."

Mke wangu alicheka siku hiyo mpaka akakaa chini. Kabla sijala, alinijia jikoni akanishika vidole vyangu vilivyovimba, akavitazama, akaviachia.  Akanipakulia pilau.

Fundi alichukua patasi akachonga alama kando ya matundu, mstari mmoja kwa mwezi wa kula na mistari miwili kwa mwezi wa kufunga. Kila Ramadhani iliyofuata nilizihamisha pini bila kuuliza. Vita ilipokuja fundi alirudi kwao, na baadaye sana shinikizo lile likauzwa kama chuma chakavu, na Saa pamoja nalo. Alama zile za patasi sijui ziko wapi leo.

Shemeji yangu alifanya kazi mpaka nywele zikamgeuka, akazaa, akalea, akajenga kwa mikono yake nyumba ya mawe huku Malindi. Alifariki kabla ya dada yake. Waliokuja kumwosha walikuwa wanawe na mimi, na kwa umri wangu wakaniachia mahali pa kuanzia. Nilimwosha mkono wa kulia, kidole baada ya kidole, kisha wa kushoto. Vyote vilikuwepo. Palikuwa na sugu, na kovu la mwiba wa mkonge, na kucha moja iliyokuwa imekufa zamani. Mwanawe mkubwa akaniona nimechelewa akaninong'oneza, "Mzee, umechoka? Nikupokee?" Nikamwambia la, bado sijamaliza. Nikaunyosha mkono ule ubavuni mwake taratibu, na mstari wa mwisho wa wimbo wake ukanijia, nikauacha upite moyoni bila sauti, kwani mahali pale palikuwa pa dua.

Nilipotoka uani mke wangu alikuwa amekaa na wanawake wenzake. Aliniinulia macho. Nikamwonyesha viganja vyangu viwili, wazi. Akaelewa kwamba nduguye nimemrudisha na mikono yake miwili. Akaitikia kwa kichwa.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, Mwenyezi Mungu akuhifadhie mikono yako na wale unaowafanyia kazi kwa mikono hiyo. Akujaalie mwenzako wa kukuwahi pale pumzi inapokukatikia njiani, akupimie mizigo yako kwa uchovu wako si kwa kiburi chako, na akufikishe jioni yako mzima, umepokewa saumu yako. Amin.